Matone kumi meusi kwenye debe la rangi nyeupe

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili chuo kikuu, Dodoma, nasomea ualimu wa Kiingereza na Kiswahili. Muhula huu tuna kozi ya fasihi ya Wamarekani Weusi na kila mmoja anatakiwa aandike insha ndefu. Mimi nilivutwa na habari za haki za kiraia: Martin Luther King, mabasi ya Montgomery, Emmett Till. Lakini nusu ya orodha ya vitabu ni riwaya za majaribio, na siambulii kitu. Invisible Man ya Ralph Ellison nimeisoma kurasa kama hamsini nikaiweka chini. Rafiki yangu anasema majaribio ni anasa ya walioshiba: watu wanang'atwa na mbwa wa polisi, mwandishi anachezea maneno. Je, niachane na riwaya hizo nibaki na hotuba, barua na tawasifu? Na nisipoachana nazo, nazisomaje? La mwisho ni dogo: tunatakiwa kuandika ikisiri kwa Kiswahili. Nikikiita kitabu cha Ellison "Mtu Asiyeonekana" nitakuwa nimekosea?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiachane nazo. Na hotuba na barua usizitupe pia, maana nitakuonyesha barua moja unayoidhani nyepesi ambayo ina ufundi wa kumtoa mtu jasho. Ila itabidi kwanza tuiguse namna uliyozoeshwa kusoma.

Tangu sekondari umekuwa ukichora mstari katikati ya daftari. Upande huu maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo. Upande ule fani: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Siulaumu mstari huo. Umewavusha wengi mitihani, nami ulinivusha. Lakini ukienda nao kwa Ellison utabaki na orodha mbili mkononi huku kitabu kimekuponyoka.

Insha yangu ya kwanza kuhusu riwaya hiyo niliiandika hivyo hivyo. Kurasa nne za dhamira: ubaguzi, usaliti wa viongozi, elimu ya kinafiki, maisha magumu ya mjini. Kurasa mbili za tamathali za semi, kila moja na mfano wake. Mwalimu aliyeisahihisha hakuninyima maksi, lakini pembeni aliandika kwa penseli: "Haya yote gazeti lingeweza kutuambia. Kwa nini aliandika riwaya?" Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikafungua kitabu upya toka mwanzo, na tangu siku hiyo sijaacha kulijibu swali lile.

Tuanze na Emmett Till, kwa kuwa umemtaja mwenyewe. Alikuwa mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago, aliyekwenda kuwatembelea ndugu zake Mississippi. Ilidaiwa kwamba alimkosea adabu mwanamke wa Kizungu dukani. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Agosti 1955 wanaume wawili Wazungu walimtoa ndani ya nyumba ya ndugu zake, wakamtesa, wakamuua, wakamtupa mtoni. Septemba hiyo hiyo jopo la mahakama la wanaume 12, Wazungu watupu, lilijadiliana kwa saa moja na dakika chache, likawaachia. Januari 1956 wauaji wakakiri wenyewe kwenye jarida la Look, kwa malipo, wakijua kwamba mtu aliyekwisha kuachiwa huru kwa kosa hilo hawezi kushtakiwa tena.

Sasa hesabu kisa hicho kilisimuliwa mara ngapi kabla mshairi hajakigusa. Mawakili walikisimulia mahakamani. Magazeti yalikisimulia. Wauaji walikisimulia wakalipwa. Kila mmoja alikisimulia kwa lugha nyoofu, yenye mwanzo, kati na mwisho, na kisa kikamkanyaga mtoto yule yule kila kiliposimuliwa. Mtu wa kwanza kuelewa kwamba namna ya kuonyesha jambo ndiyo kesi yenyewe alikuwa mama yake, Mamie Till. Alikataa jeneza lifungwe. Alitaka watu wauone uso wa mwanawe jinsi ulivyofanywa, na jarida la Jet likaichapisha picha. Mama huyo hakuwa mhakiki wa fasihi. Lakini alijua kwamba maneno "aliuawa kikatili" yamekwisha kuchakaa, hayamwamshi mtu tena.

Mwaka 1960 Gwendolyn Brooks, mshairi wa Chicago, akachapisha mashairi mawili yanayofuatana juu ya kisa hicho. Nakuomba uyasome kabla ya kitu kingine chochote. Ni kurasa chache tu. Katika la kwanza hatumwoni Emmett wala mama yake. Tuko jikoni kwa yule mwanamke wa Kizungu, asubuhi, anapika kifungua kinywa. Kichwani mwake amekipanga kisa chote kama zile baladi alizofundishwa shuleni: binti mwema, jambazi mweusi, na mwana wa mfalme anayekuja kuokoa. Anajaribu kulikalisha tukio ndani ya umbo hilo na umbo linagoma. Jambazi gani huyu, ambaye alikuwa mtoto? Nyama inaungua kikaangoni. Mezani mumewe anampiga kibao mtoto wao mchanga, na mwanamke anaukodolea macho ule mkono. Mishororo mirefu inafuata mifupi, vina vinatokea na kutoweka, shairi linavunjika pamoja na kichwa chake.

Halafu linakuja la pili, fupi mno, na jina lake ni kama kusema "Ubeti wa mwisho wa baladi ya Emmett Till". Wewe umelelewa na tarbia, kwa hiyo hapa una macho kuliko wanafunzi wengi wa Marekani. Fikiria mtu anakupa ubeti wa mwisho wa shairi, akakunyima zote zilizotangulia. Baladi nzima ilichukuliwa na wengine, wakaiimba wapendavyo. Mama wa mtoto amebakiziwa mkia. Yuko ndani ya chumba chekundu, anakunywa kahawa nyeusi, anambusu mwanawe aliyeuawa. Basi, limekwisha. Niambie, hapo fani iko wapi na maudhui yako wapi? Hasara ya mama imeandikwa kwa beti ambazo hazipo. Ukiyatenganisha hayo mawili unabaki huna kitu.

Sasa turudi kwa rafiki yako, ambaye hakusema jambo la kijinga. Mwaka 1963, mwaka ambao polisi wa Birmingham, Alabama, waliwaachia waandamanaji mbwa na mabomba ya maji, mhakiki Irving Howe alisema karibu hayo hayo kwa lugha ya kisomi. Kwake, mwandishi Mweusi wa kuigwa alikuwa Richard Wright, mwandishi wa Native Son ya mwaka 1940, mwenye hasira ya wazi. Ellison na James Baldwin aliwaona wameikwepa njia hiyo. Ellison alimjibu vikali. Alimwambia kwamba anawapangia waandishi Weusi nafasi yao kwa ukali kuliko mwanasiasa yeyote wa Kusini, tena kwa nia njema. Howe, kwa maelezo ya Ellison, aliwaona Weusi kama watu waliofungiwa ndani ya mtungi wa chuma. Ellison akasema kama ni mtungi, basi ni wa kioo, na waliomo ndani wanaona nje na wanasoma yanayotendeka huko. Mimi nasimama na Ellison. Kumwambia mtu aliyenyimwa kiti cha basi kwamba kwenye fasihi pia kiti chake ni kimoja tu, cha malalamiko, ni kumrudisha nyuma ya basi. Lakini usinichukulie neno langu. Yasome majibizano hayo mwenyewe, na soma pia makala ya Baldwin ya mwaka 1949 dhidi ya riwaya za malalamiko. Mjadala huo una nguvu kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na cha kupoteza.

Tena angalia tarehe. Riwaya ya Ellison ilitoka mwaka 1952, ikapata Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 1953. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani iliyopiga marufuku kutenganisha shule kwa rangi ni ya Mei 1954. Mgomo wa mabasi ya Montgomery ulianza Desemba 1955. Sheria ya Haki za Kiraia ni ya 1964, ile ya haki ya kupiga kura ni ya 1965. Wanafunzi wengi huandika kwamba Ellison "anaakisi harakati za haki za kiraia". Harakati unazozijua zilikuwa bado hazijaanza. Anaandika kabla mlango haujafunguka, na ndiyo maana msimulizi wake yuko chini ya ardhi, katika chumba alichokijaza taa 1,369 kwa umeme wa kuiba.

Kurasa hamsini ulizosoma hazikupotea. Rudi kwenye sura ya kwanza. Kijana amealikwa kutoa hotuba yake ya kuhitimu mbele ya wakubwa wa mji, Wazungu. Kabla ya hotuba, yeye na vijana wenzake Weusi wanafungwa vitambaa machoni wapigane kwa ajili ya kuwafurahisha wageni, kisha wanaambiwa waokote sarafu juu ya zulia lililotiwa umeme. Ndipo anaruhusiwa kuhutubia, mdomo umejaa damu, anaimeza ili maneno yapite. Anazungumzia "wajibu wa kijamii". Wageni wanapiga kelele, wanamtaka arudie neno, arudie tena, na mara ulimi unateleza: anasema "usawa wa kijamii". Ukumbi unanyamaza. Anaulizwa amesemaje. Analirudisha neno la kwanza haraka haraka, anasamehewa, anapewa mkoba wa ngozi na nafasi ya kusoma chuo.

Kaa hapo usiku mzima ikibidi. Neno moja limeteleza, na kwa sekunde chache kila mtu ukumbini ameiona kweli. Kitabu kizima kinafanya kazi kama ule ulimi: lugha ya heshima inatembea vizuri, mara inateleza, na palipoteleza ndipo kweli ilipo. Kwa hiyo ukifika mahali pasipoeleweka usiruke. Weka alama.

Na usishangae kwamba kitabu kinazidi kuwa cha ajabu kadiri unavyosonga. Ellison mwenyewe, akihojiwa mwaka 1955, alieleza kwamba mtindo unabadilika pamoja na safari ya mhusika. Kusini, ambako kila mtu anajua au anadhani anajua mahali pake, anaandika karibu na uhalisia. Kaskazini mambo yanapinda. Mwisho yanakuwa kama ndoto. Wewe uliacha kitabu kabla hakijaanza kuondoka nyumbani.

Sehemu nyingine nataka uiangalie kwa karibu, ile ya kiwanda cha rangi, sura ya 10. Kijana amefika New York, amepata kibarua kwenye kiwanda kinachoitwa Liberty Paints, rangi za uhuru. Kinajivunia rangi moja nyeupe kuliko zote, inayokwenda kupakwa jengo la kumbukumbu la taifa. Kazi yake ni hii: anafungua debe, anadondosha matone kumi ya dawa nyeusi tii, anakoroga mpaka weusi wote upotee, anajaribu rangi juu ya kipande cha mbao. Msimamizi hataki maswali. Dawa inapoisha kijana anakwenda kuchota mwenyewe na anachota siyo. Rangi inaharibika, inatoka na kivuli cha kijivu. Baadaye, kazi ikiendelea, anaitazama mbao na kuona kijivu kile kile bado kinachungulia chini ya weupe. Msimamizi anaitazama mbao hiyo hiyo na haoni dosari yoyote.

Kwenye daftari la shule tungeandika: "Ishara: rangi nyeupe ni Wazungu, matone ni Weusi." Sawa, si uongo. Lakini angalia umefikaje hapo. Ellison hajakuambia kwamba Marekani imetengenezwa na watu isiotaka kuwaona. Amekupa kazi ya mikono. Amekuhesabisha matone, amekukorogesha, na weusi ulipopotea ulikuwa unakoroga wewe. Halafu amewasimamisha watu wawili mbele ya kipande kimoja cha mbao, mmoja anaona na mwingine haoni. Hapo ndipo jibu la penseli ya mwalimu wangu lilipo. Gazeti lingekuambia kwamba kuna watu hawaoni. Riwaya inakuweka kwenye jicho la anayeona, ukiwa umechoka na mikono ina rangi.

Sasa ile barua niliyokuahidi. Martin Luther King alikamatwa Birmingham siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 12 Aprili 1963. Siku hiyo viongozi wanane wa dini, Wazungu wa Alabama, walitoa tamko kuyaita maandamano hayana busara na hayakuja kwa wakati wake. King akaanza kuwajibu kwenye kingo za gazeti, humo humo rumande. Watu wengi hunukuu mistari mitatu ya barua hiyo na kuendelea na safari. Wewe tafuta sentensi moja, iliyo karibu katikati ya hoja yake juu ya kusubiri. Kwa Kiingereza ina maneno zaidi ya 300 na nukta yake iko mwisho kabisa.

Nimewahi kuitafsiri sentensi hiyo darasani pamoja na wanafunzi, na Kiswahili kilitusaidia kuiona kuliko Kiingereza chenyewe. Kwa sababu sisi tuna "-po-". Unapoona makundi ya wahuni wakiwaua mama zako na baba zako. Unapoona polisi waliojaa chuki. Unapojikuta ulimi unakwama ukimweleza binti yako wa miaka sita kwa nini hawezi kwenda kwenye bustani ya michezo iliyotangazwa kwenye televisheni, ukayaona machozi yanamlenga. Unapo-, unapo-, unapo-. Kila kishazi kinasubiri kitenzi kikuu, na kitenzi kikuu hakiji. Msichana aliyekuwa akisoma kwa sauti aliishiwa pumzi katikati akasema, "Mwalimu, hii sentensi inaisha lini?" Nikamwambia ndilo swali lenyewe. Wale viongozi wa dini wamemwambia King asubiri. Naye amewafanya wasubiri, ndani ya sarufi, mpaka wajue kusubiri kunaumaje. Ndipo anapowaambia kwamba sasa watafahamu kwa nini tunaona vigumu kungoja. Huo ni ufundi wa fani wa hali ya juu, umefanywa na mtu aliyefungiwa, na hakuna aliyemwita mwenye anasa.

Kuna mstari mwingine humo unaotuhusu sisi moja kwa moja. King anasema mataifa ya Asia na Afrika yanaukimbilia uhuru kwa mwendo wa ndege ya jeti, wakati wao bado wanajikokota kwa mwendo wa mkokoteni wa farasi kuelekea kikombe cha kahawa kwenye kaunta ya mgahawa. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962. Kenya ikafuata tarehe 12 Desemba 1963, na mwezi huo huo Oginga Odinga, waziri wa Kenya, akapita Atlanta. Vijana wa SNCC, ile kamati ya wanafunzi iliyoongoza migomo ya kukaa migahawani, walikwenda kumwona hotelini. Walipotoka wakaingia mgahawa wa jirani wanywe kahawa. Wakakataliwa, wakakaa, wakakamatwa. Baadaye wakatunga wimbo wenye jina la Odinga, na ndani ya wimbo huo, katikati ya Kiingereza cha Georgia, linaitwa neno "uhuru". Nakueleza haya kwa sababu wanafunzi wetu wengi wanaisoma fasihi hii wakijiona wageni wa mbali wanaochungulia dirishani. Wenyewe walikuwa wanatutazama sisi.

Namna ya kusoma, basi. Usianze na kitabu kinene. Chukua kazi tatu fupi au za wastani: shairi la Brooks la 1960 nililokueleza, lile la jikoni, riwaya ya William Melvin Kelley A Different Drummer ya 1962, na hadithi fupi ya Baldwin Going to Meet the Man ya 1965. Kelley alikuwa na miaka 24 kitabu chake kilipotoka. Anabuni jimbo zima la Kusini ambalo Weusi wake wote, mwezi Juni 1957, wanafungasha na kuondoka. Wa kwanza ni mkulima Tucker Caliban: anamwaga chumvi shambani kwake, anaua mifugo yake, anachoma nyumba yake, anaondoka na familia. Na hutaingia kichwani mwa Tucker hata mara moja. Wanaosimulia ni Wazungu waliobaki, wale wanaoshinda barazani kwenye duka, watoto, tajiri mwenye ardhi na familia yake, kila mmoja na kipande chake, wote wanajaribu kuelewa walichopoteza. Baldwin naye anaingia ndani ya kichwa cha naibu sherifu Mzungu, usiku, kitandani, mtu anayetesa waandamanaji mchana, na kumbukumbu zinamrudisha utotoni, siku wazazi wake walipomchukua kwenda kutazama mtu Mweusi akiuawa hadharani, kama wanaokwenda mandari.

Umeona kinachojirudia? Waandishi watatu Weusi, ndani ya miaka mitano, katikati ya harakati, na wote watatu wamewapa Wazungu nafasi ya msimulizi au ya jicho linaloona. Kwa nini? Hilo ndilo swali ninalokushauri uliandikie insha. Mimi nina jibu langu, lakini sitakupa lote. Anzia hapa: miaka yote hiyo Weusi walikuwa wakitakiwa kujieleza, kuthibitisha maumivu yao, kutoa ushahidi. Hawa watatu wamemgeuzia swali yule asiyeulizwa kamwe. Ila jihadhari, sababu zao hazifanani. Mwanamke wa Brooks anaanza kuona. Naibu wa Baldwin haoni chochote hadi mwisho, na hilo ndilo linalotisha. Ukiwaweka kapu moja utakuwa umechora tena ule mstari wa katikati.

Kuna zoezi ninalowapa wanafunzi wangu, halijawahi kuniangusha. Chagua ukurasa mmoja unaokusumbua. Uandike upya kwa mkono, kwa lugha nyoofu, kama taarifa ya kituo cha polisi: nani, wapi, lini, nini. Kisha weka kurasa mbili sambamba, andika kilichokufa njiani. Kilichokufa ndicho kitakachokuwa insha yako. Kwa Kelley, fanya kinyume: mpe Tucker Caliban sura moja ajieleze mwenyewe, uone riwaya inavyolegea.

Ukitaka mfano mdogo kabisa wa jinsi umbo linavyobeba shtaka, fungua ukurasa wa kwanza wa The Bluest Eye ya Toni Morrison, ya mwaka 1970. Anaanza na maneno ya kitabu cha kufundishia watoto kusoma, familia safi yenye nyumba nzuri, halafu anayarudia mara tatu. Nikuonyeshe kwa maneno yangu mwenyewe. Kwanza: Huyu ni baba. Huyu ni mama. Nyumba yao ni nzuri. Pili: huyu ni baba huyu ni mama nyumba yao ni nzuri. Tatu: huyunibabahuyunimamanyumbayaoninzuri. Hakuna neno lililobadilika. Lakini mara ya tatu umeshaanza kukosa hewa, na umeelewa mtoto Mweusi aliyesomeshwa sentensi hizo kila siku, huku hakuna nyumba hiyo wala uso wake haumo kitabuni, alikuwa akizisikiaje.

Mumbo Jumbo ya Ishmael Reed, ya 1972, ambayo naamini nayo imo kwenye orodha yenu, iache mpaka mwisho. Ina picha, orodha ya marejeo ndani ya riwaya, na sura ya kwanza inakuja kabla ya ukurasa wa jina la kitabu. Ni kitabu cha furaha kubwa, ila kinadhihaki vitabu vingine vingi ambavyo bado hujavisoma.

Mambo madogo, lakini yanapoteza maksi. Muhtasari wa mtandaoni utakupa visa, na katika kazi hizi visa ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Dibaji ya Ellison isome kwa sauti, na usikilize rekodi ya Louis Armstrong ya wimbo wa Black and Blue anayoisikiliza msimulizi. Mapigo yake utayakuta kwenye sentensi. Maneno ya matusi ya rangi yaliyomo vitabuni yanukuu pale tu hoja yako inapoyahitaji, ndani ya alama za mtajo, na usiyafanye kuwa lugha yako. Wala usilazimishe ulinganisho na kazi za huku kwetu kwa sababu tu ni za kwetu. Ukihitaji kujipa moyo kwamba majaribio si jambo la kigeni, soma Nagona na Mzingile za Kezilahabi, kisha ukumbuke kelele zilizopigwa juu ya mashairi yake huru baada ya Kichomi mwaka 1974. Watu walibishana kuhusu vina na mizani kana kwamba wanabishana kuhusu mipaka ya nchi. Walikuwa sahihi kuona kwamba jambo lenyewe ni zito.

Sasa lile uliloliita swali dogo. "Mtu Asiyeonekana" si kosa, na wengi watakuelewa. Lakini tazama kitenzi. "Onekana" kinamweka kando mtendaji, kama tunavyosema kikombe kimevunjika na hatumtaji aliyekivunja. Mtu asiyeonekana ni kama jini, ni hewa, hitilafu iko mwilini mwake. Na msimulizi wa Ellison analikataa hilo katika aya ya kwanza kabisa: anasema yeye si mzuka, ana nyama na mifupa, na haonekani kwa sababu watu wanakataa kumwona. Mimi ningeandika "Mtu Asiyeonwa". Linakwaruza kidogo sikioni, na humo ndani kuna mtu ambaye hataki kuona. Weka sentensi moja kwenye ikisiri ueleze kwa nini umeiacha kauli ya kutendeka, na msahihishaji akikuuliza, mfungulie ukurasa wa kwanza.